Dawa Yake Ilikuwa na Mwisho

Vita vilipofika kwetu, mama alimbeba mdogo wangu mgongoni ingawa meno yake ya utoto yalikuwa yameanza kung'oka. Mimi alinitwisha furushi la nguo na juu yake sufuria. Tulikuwa tunatoka Buhembe kwenda Muleba kwa wajomba, maana ndege zilikuwa zimeangusha mabomu na watu wa Bukoba mjini walikuwa wanahama kwa makundi. Baba alibaki kulinda kibanja chetu, migomba na kahawa na makaburi ya wazee wake. Alisema wafu hawawezi kukimbia, kwa hiyo yeye atakaa nao.

"Mama, na yeye ana miguu," nilisema tulipokuwa tunapandisha kilima.

"Ana homa."

Hakuwa na homa. Mguu wake ulikuwa unaning'inia karibu na uso wangu, nikaushika, haukuwa na joto lolote. Lakini mama alikuwa anamwita Tata, yaani baba, kwa sababu alipewa jina la babu yetu, na mimi nilikuwa nimepewa jina la shangazi ambaye hakuna aliyempenda. Yeye aligeuza kichwa akanitazama kutoka mgongoni mwa mama, akanitolea ulimi. Alikuwa mtoto tu. Nilimchukia mpaka Muleba.

Kwa wajomba palikuwa na jirani aliyewahi kufanya kazi hospitalini kabla ya vita. Kazi gani, hakuna aliyejua vizuri. Alikuwa na bomba moja la sindano la kioo na sindano yenyewe, akivitunza kwenye kikopo cha bati, na watu walimwendea kwa kila kitu: malaria, kikohozi, maumivu ya mgongo, hata huzuni. Siku hizo kidonge kilionekana dawa ya watoto wa shule, dawa hasa ilikuwa ile inayochomwa. Watu wakiwa wachache alichemsha vyombo vyake. Wakijipanga foleni, alifuta sindano kwa pamba na kuendelea.

Mama alimpeleka mdogo wangu kwa huyo bwana mara kwa mara, maana vumbi la safari lilimwachia kifua. Kila akichomwa alipewa ndizi mbivu na kubebwa kurudi nyumbani. Nikalia nichomwe na mimi. Nililia kweli, nikagaragara. Mama akasema, "Wewe una nini? Wewe ni mzima." Alisema kama mtu anayenilaumu.

Vita vikaisha tukarudi, baba tukamkuta yuko hai. Miaka michache baadaye nikaolewa kulekule Muleba, ziwani, na mchuuzi wa samaki. Alikuwa anavuka kwa boti kwenda visiwani, ananunua samaki kwa wavuvi waliotoka kila mahali, Wakerewe, Wajita, Waganda, anawakausha na kuwauza hadi ng'ambo ya mpaka. Akirudi alileta kitambaa, sabuni, wakati mwingine redio aliyoagizwa na mtu. Nilimpenda kwa sababu moja ambayo sikumwambia: akiingia nyumbani, mtu wa kwanza aliyeulizwa habari nilikuwa mimi. Mama mkwe alikuwepo, wadogo zake walikuwepo, lakini aliuliza, "Mke wangu yuko wapi?" Sikuwa nimewahi kutangulizwa na mtu.

Kwa hiyo nilivionea wivu visiwa. Nilijua kule kuna wanawake wanaopikia wavuvi na kuuza pombe, wanawake waliofika bila ndugu na ambao hakuna aliyewauliza walikotoka. Akichelewa kurudi nilikaa nikiwatengenezea sura kichwani. Nikawapa meno mazuri. Nikawapa sauti.

Alipoanza kukonda, wazee walisema ni tumbo, halafu wakasema amerogwa na mtu wa magendo aliyemdhulumu. Vijana hawakusema lolote. Tayari ugonjwa ulikuwa na jina, tuliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kimeingia na biashara za mpakani, na kila nyumba ilikuwa inangoja kuona kama utapiga hodi kwao. Yule mchoma sindano alikuja, akamchoma mume wangu, akatoka akaenda kumchoma jirani. Hospitalini muuguzi alimtazama, akanitazama mimi na mtoto niliyembeba, akasema taratibu, "Mama, mrudishe nyumbani akapumzike. Hapa hatuna cha kumpa."

Nilimuuliza mume wangu ni yupi. Alikuwa amelala chali, ngozi imeshika mifupa, na mimi namwuliza ni mwanamke yupi wa kisiwani.

"Sijui," alisema. "Kama ningejua ningekwambia. Nani nimfiche sasa?"

Alikufa msimu wa senene. Nakumbuka kwa sababu watu walioleta maji ya kuoshea walikuwa na mafuta ya senene vidoleni, kulikuwa na neema mwaka ule. Mtoto wetu alimfuata kabla ya mwaka kuisha. Shemeji zangu wakasema nyumba ni ya ukoo, nami nikabeba nguo zangu nikarudi Buhembe.

Baba naye alikuwa amekwisha kuzikwa. Wazee wa ukoo walikuwa wamemkalisha mdogo wangu kwenye kiti cha baba, yeye ndiye mrithi, ingawa alikuwa bado kijana anayevaa sare ya shule kule Kahororo. Kibanja kilikuwa chake. Mimi nilikaribishwa kwenye chumba cha nyuma. Na mara tu alipomaliza shule, mrithi alipanda meli kwenda Mwanza na kutoka pale akapanda treni kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akaniachia migomba yake niipalilie.

Niliipalilia kwa miaka mingi kuliko niliyoishi na mume. Nilikata majani makavu, nilibeba samadi, nilichuma kahawa yake, nilizika jirani mmoja baada ya mwingine mpaka njia zetu zikajaa nyumba zilizofungwa na watoto waliolelewa na bibi. Mama alikuwa anamwekea chakula. Sisemi kwa mfano. Alikuwa anatenga kwenye sahani ndizi na maharage na kuifunika. Kesho yake mimi ndiye niliyekula kile chakula kilicholala.

Halafu mwili wangu nao ukaanza. Nilijua nilipoona nguo zimenipwaya. Bahati yangu, kama ni bahati, ni kwamba nilichelewa kuugua. Dawa za kufubaza virusi zilifika Bukoba wakati mimi nimebaki wa kubebwa kwenye baiskeli kama mkungu wa ndizi, nikaanza kuzimeza, nikanyanyuka. Mume wangu hakuzipata, mtoto wangu hakuzipata. Kama wafu wana macho, nadhani walinionea wivu, na ningewaelewa.

Mdogo wangu alirudi wakati mimi nimeshakuwa mzee wa kliniki, ninayejua wauguzi kwa majina ya watoto wao. Alishuka kwenye basi pale stendi ya Bukoba, nywele zimepungua, koti la mtu mnene, na macho ya njano kama ya mbuzi. Alikuwa anajikuna mikono bila kupumzika.

"Dada," alisema, "nimekuja kufia nyumbani."

Mama alikuwa hatembei vizuri, lakini alipomwona mlangoni alisimama bila fimbo. "Tata wange! Mae waitu, Tata wange!" Baba yangu, baba yangu, alikuwa anaita. Akamshika uso kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeshika begi lake.

Alitueleza yote jioni hiyo, na namheshimu kwa hilo, hakuficha. Dar alibeba mizigo bandarini. Rafiki zake walikuwa wanavuta unga, akavuta. Baadaye kuvuta kukawa hakumtoshi, akaanza kujidunga. Walikuwa wanashirikiana bomba moja watu watatu, wanne, wakilisuuza kwa maji ya chupa. Aliitwa teja na watoto wa mtaa, alilala vibarazani. Mwishowe alipelekwa kwenye kliniki ya methadoni, akanywa dozi kila asubuhi kwa miaka, ikapunguzwa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Alikuwa ameshinda. Ndipo walipompima damu wakakuta homa ya ini, aina ya C, imemkaa muda mrefu na ini limeanza kuwa na makovu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Nani alimchoma?" akaniuliza mimi.

"Alijichoma mwenyewe, mama."

"Tata wange hawezi kujichoma. Tangu mdogo alikuwa anaogopa sindano."

Daktari wa kwanza tuliyemwona alisoma karatasi zake, akaona alama za mikononi, akafunga faili. Alisema dawa ipo siku hizi, ni vidonge tu, lakini ni adimu, na haipotezwi kwa watu ambao kesho watajidunga tena. Mdogo wangu hakubisha. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyezoea. Nakiri kwamba moyoni nilimwona daktari ana haki.

Lakini mama alilia wiki nzima, na mimi ndiye niliyejua njia za hospitali. Nikauliza kliniki kwetu, wakaniambia kule Mwanza kuna daktari mwanamke anayewatibu hata waliojidunga. Tulikwenda. Yule mama alimpima, akamtazama usoni muda mrefu kuliko alivyotazama mikono. Alimwuliza kama aliwahi kuchomwa sindano za kijijini utotoni. Akasema, "Bwana, hiki kirusi huenda ulikipata Dar, huenda ulikipata Muleba ukiwa na meno ya utoto. Mimi sikuulizi ulikitoa wapi. Nakuuliza kama utameza."

"Nitameza."

"Nani atakuwa anakuona ukimeza?"

Mdogo wangu akanitazama. Na mimi wakanipima homa hiyo ya ini, nikakutwa sina. Mama angesema: wewe ni mzima.

Ikawa hivyo. Kila asubuhi, kabla ya chai, tulikaa kwenye benchi mbele ya nyumba, mimi na vidonge vyangu, yeye na chake. Alikuwa anameza akiwa amefumba macho, kama anakomunika. Mwezi wa kwanza macho yake yakaanza kuwa meupe. Akaacha kujikuna. Akaanza kula ile sahani ya mama yeye mwenyewe, ikiwa ya moto.

Asubuhi moja akaniuliza, bila ubaya wowote, "Dada, yako inaisha lini?"

Niliweka kikombe cha maji chini.

"Yangu haiishi."

"Haiishi kabisa?"

"Mpaka mimi niishe."

Alikuwa hajui. Mtu aliyekaa kliniki miaka yote ile Dar, hakujua dada yake anameza dawa ya maisha. Nilisimama nikaenda migombani, nikakata majani ambayo hayakuwa makavu. Nilikuwa nawaza hivi, na nilikuwa nawaza kwa sauti: mimi nilikipata kirusi changu kitandani kwa mume wangu wa ndoa ya kanisani. Yeye alikitafuta chake kwa kulipia. Chake kinatolewa, changu kinakaa. Nani aligawa?

Katikati ya dozi alitakiwa kwenda Mwanza kupimwa, akaenda peke yake kwa sababu mama alikuwa ameanguka na mimi nilibaki kumwuguza. Hakurudi siku iliyotarajiwa. Wala iliyofuata. Simu yake ikawa haipatikani. Mama akawa anauliza kila akisikia hatua za mtu, na mimi namjibu kwamba foleni za hospitali ya Mwanza ni ndefu. Lakini nilijua. Na niseme nilivyojisikia: nilisikia utulivu. Nilijiona nakaa mbele ya yule daktari wa kwanza na kumwambia, ulisema kweli.

Alirudi asubuhi, amechoka, midomo imekauka. Akakaa kwenye benchi letu. Akatoa mfukoni kopo la dawa, akaliweka mapajani mwangu.

"Hesabu," alisema.

Nilihesabu. Hakikupungua kidonge hata kimoja zaidi ya kilichopaswa, wala hakikuzidi.

"Nilikutana na mtu wa zamani," alisema. "Wa Dar, yuko Mwanza sasa. Nilijidunga, dada. Siwezi kukudanganya. Lakini nilinunua sindano yangu mpya, sikumpa mtu, na kila asubuhi nilimeza hiki. Nilimeza nikiwa hata sijui niko mtaa gani."

Nilimpiga kofi. Nilikuwa sijawahi kumpiga tangu utotoni, mama asingeruhusu. Mama alikuwa ndani, alisikia mlio, akauliza kuna nini. Nikasema nimeua mbu.

"Nipige tena," alisema, "halafu nipe maji. Bado sijameza cha leo."

Nikampa maji. Ningefanya nini? Hasira yangu haikuwa kwa sababu amejidunga. Ilikuwa kwa sababu hata dhambi ilimwachia nafasi. Mimi kliniki yetu niliwahi kuikosa siku moja tu kwa ajili ya mazishi, nikasemwa mbele ya watu.

Alipomaliza dozi walituambia tungoje miezi kadhaa, kisha wapime mara ya mwisho. Tulirudi Mwanza pamoja kupokea majibu. Yule daktari mwanamke hakuwepo, alikuwepo muuguzi kijana, mwenye furaha ya kazi. Akasoma, akapiga makofi. "Kimekwisha. Hakuna kirusi. Umepona, baba. Ila ini lina makovu yake, pombe usiguse, na uwe unakuja tuliangalie. Na ukichangia sindano tena utakipata upya, dawa hii haikulindi."

Mdogo wangu alikaa chini sakafuni. Watu wakadhani ameanguka. Alikuwa analia na kucheka, ameshika pindo la gauni langu.

Mimi nikamwuliza muuguzi, "Na changu?"

"Una nini, mama?"

Nikamwambia, na nikamwambia kwamba kwenye kipimo cha mwisho kliniki yetu walisema virusi havionekani.

"Hiyo ni habari nzuri sana, mama. Havionekani."

"Vyake havionekani au havipo?"

Alikunja karatasi ya majibu. Alikuwa mtoto mwenye adabu. "Vyake havipo. Vyako vipo, vimelala."

Tulirudi Bukoba kwa basi. Yeye alilala njia nzima begani kwangu, akikoroma, mzito, na mimi nilikuwa naangalia vibanja vinapita dirishani na kujaribu kufurahi. Nilijaribu kwa bidii. Furaha ilikuja kidogo tulipofika Muleba, ikaondoka.

Mama alikufa baada ya hapo, kwa uzee, amemshika mkono mrithi wake. Jina la mwisho alilolitaja si langu. Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo walikaa uwanjani, wakanywa lubisi, pombe ya ndizi, kwa mirija, na mdogo wangu akakaa kwenye kiti cha baba na glasi ya maji. Mzee mmoja akasema, sasa mama hayupo, tunataka kusikia, dada yako anakaa hapa kwa nani?

Mdogo wangu akasimama. Alikuwa amenenepa, ngozi inang'aa. Akasema kwa Kihaya, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanawake waliokuwa jikoni, kwamba yeye aliondoka hapa kijana na akarudi maiti, kwamba mtu aliyemtoa kwenye umaiti ni dada yake, na kwamba nusu yote ya chini ya kibanja, kuanzia mibuni hadi kwenye njia, ni ya dada yake, si ya kukaa, ni yake. Wazee wakanong'ona, maana binti kupewa ardhi ya ukoo bado ni mfupa mgumu kwa wengi. Mmoja akauliza, na akifa? Mdogo wangu akajibu, "Akifa atakuwa ameandika mwenyewe anayemtaka."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nilipaswa kupiga magoti kumshukuru, nikapiga. Lakini nilipokuwa chini pale, paji la uso karibu na viatu vyake, niliona wivu mpya, ambao sikuwa nimeutarajia. Nilimwonea wivu kwa wema wake. Yeye alikuwa na cha kutoa. Ile ardhi niliipalilia mimi kwa jasho langu, na bado ilibidi ije kwangu ikipitia mkononi mwake, na sifa zibaki kwake.

Hatujawahi kuliongea hilo. Anajua, nadhani. Alijenga nyumba yake upande wa juu, akaoa mwanamke wa Rubafu, mjane kama mimi ila mdogo kuliko mimi, mchapakazi. Kila baada ya muda anakwenda Mwanza kuangaliwa ini, na akienda hukaa siku mbili tatu na vijana wanaojidunga, anawahimiza wakapimwe na wasichangie mabomba. Wakati mwingine anarudi amekonda uso na hasemi, nami simwulizi. Najua tu kwamba mpaka sasa vipimo vyake ni visafi. Hapa Buhembe wameanza kumwita daktari. Mimi naitwa dada yake daktari.

Mwaka juzi mkewe alijifungua mtoto wa kike. Walimpima, hana kitu. Sikwenda kumwona siku ya kwanza wala ya pili, nilisema nina mafua. Siku ya tatu mkewe alimleta mwenyewe, akanikabidhi, akaenda mtoni kufua bila kuniuliza.

Sasa anatembea. Asubuhi baba yake akiwa anamwita kule juu aje anywe uji, yeye anashuka mbio kati ya migomba na kuja kwangu, anakaa chini na kunyoosha mkono apewe ndizi. Nasikia sauti ya mdogo wangu inaita, inaita, inakaribia. Mtoto ananitazama. Namwekea kidole juu ya midomo, tunanyamaza wote wawili, na namwacha baba yake aite.